Dau la Mnyonge Angani: Uhakiki wa Uteuzi wa Chombo Kidogo

Utangulizi

Methali isemayo "Dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda" hufundishwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Aghalabu hufundishwa kwa maelezo ya mstari mmoja tu: mtu dhaifu hafanikiwi. Katika makala haya tunakusudia kuipima methali hiyo kwa kitu ambacho wahenga hawakupata kukiona, yaani mchezo wa kompyuta uitwao EVE Online, ambamo maelfu ya wachezaji huendesha vyombo vya anga, hufanya biashara na kupigana.

Tumeuteua mchezo huu kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya wanafunzi wetu wanaufahamu, hasa kupitia ndugu yake wa simu, EVE Echoes, uliotolewa mwaka 2020. Pili, ndani yake kuna jambo linalomshangaza mgeni. Wachezaji wazoefu, wenye mali ya kutosha kununua karibu chombo chochote wakitakacho, mara nyingi huacha kikubwa bandarini na kupanda kidogo. Je, uteuzi huo unaikanusha methali yetu? Tutajaribu kuonyesha kwamba hauikanushi, lakini unatulazimisha kuisoma upya. Msomaji ambaye hajawahi kugusa michezo ya aina hii asiwe na hofu. Tutaeleza kila hatua.

Lugha ya chombo

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakikuhitaji neno geni ili kuutaja mtambo wa anga. Kimechukua neno chombo, ambalo watu wa pwani walikuwa tayari wakilitumia kwa jahazi, mashua na dau, kikaongeza tu "cha anga". Hali kadhalika neno rubani. Kabla ya kuwa mwendeshaji wa ndege, rubani alikuwa mjuzi wa njia za baharini. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama, kubwa na zenye mizinga, zilimhitaji mjuzi wa namna hiyo kutoka Malindi ili zifike Calicut. Basi mhakiki wa Kiswahili anapouendea mchezo wa vyombo vya anga haendi ugenini. Istilahi anazo, na kisa cha kwanza cha ukubwa usiojitosheleza anacho pia.

Tatizo liko kwetu sisi wa bara. Mwanafunzi wa Munkunyu, katika Wilaya ya Kasese, anaijua mitumbwi ya Ziwa George na ya Ziwa Edward, na huenda amepita Mfereji wa Kazinga unaoyaunganisha maziwa hayo. Dau lenye tanga halijui. Neno joshi kwake ni sauti tupu. Mwalimu naye, kwa kubanwa na muda, hulipita. Hapo ndipo methali inapokufa, kwa sababu uzito wake wote umo katika neno hilo. Kwenda joshi ni kwenda kwa kuukata upepo, chombo kikipanda kuelekea upande upepo unakotoka. Methali haisemi kwamba dau la mnyonge haliendi kabisa. Inasema kwamba haliendi dhidi ya upepo. Tofauti hii ni kubwa, nasi tutairudia.

Fani ya mchezo

EVE Online ilianza mwaka 2003, kazi ya kampuni ya CCP ya Reykjavík, Aisilandi. Kanuni yake iliyo ngumu kuliko zote ni hii: chombo kilichovunjwa kimevunjika. Hakirudi. Aliyekipoteza hana budi kununua au kuunda kingine. Kwa hiyo kila safari ni dau, kwa maana ile nyingine ya neno hilo, yaani kile kiwekwacho rehani mchezoni.

Vyombo vyenyewe ni vya ngazi nyingi. Chini kabisa katika vyombo vya vita zipo manowari ndogo, kama ile iitwayo Rifter, ambazo mchezaji mpya huzipata mapema na kwa bei nafuu. Juu kabisa zipo Titan. Chombo cha kwanza cha aina ya Titan kiliundwa na wachezaji mwaka 2006, baada ya kundi kubwa kukusanya malighafi kwa muda mrefu. Mwaka huohuo kikavunjwa.

Mtu angetazamia kwamba kila anayepanda ngazi hizo hatashuka tena. Haiwi hivyo, na sababu zimo katika fani yenyewe. Mizinga mikubwa hugeuka polepole. Chombo kidogo kinachozunguka kwa kasi karibu na jitu kinaweza kukwepa karibu kila pigo lake. Aidha, manowari ndogo inaweza kubeba kifaa cha kumzuia adui asikimbie. Haimwui, inamshika tu hadi wenzake wafike. Katika vita vingi kazi hii ya kushika ndiyo inayoamua nani atapatikana na nani atatoroka, na mara nyingi mwenye kuifanya ni mgeni wa juzi.

Titan kwa upande wake imefungwa na ukubwa wake. Hairuhusiwi kuingia katika maeneo yenye ulinzi mkali. Kabla ya mwaka 2016 haikuweza hata kutia nanga kituoni, hivi kwamba rubani wake alikuwa kama mfungwa ndani yake. Katika mchezo mwingine wa jamii hii, Elite Dangerous wa mwaka 2014, vyombo vikubwa haviwezi kutua katika vituo vidogo vya pembezoni, kwa kuwa havina uwanja wa kuvitosha. Mwenye chombo kidogo hutua popote. Msomaji wa Bukonzo hahitaji mfano wa angani ili alielewe hili. Lori hubeba kahawa nyingi, lakini kwenye miteremko ya juu ya Rwenzori halifiki. Kahawa hushuka kwa migongo ya watu na kwa bodaboda hadi pale lori linapoweza kusimama.

Maudhui: kwa nini mwenye kikubwa achague kidogo?

Hadi hapa tumeeleza manufaa ya vita na usafiri. Lakini manufaa hayatoshi kueleza uteuzi huo, kwa sababu wako wachezaji wanaopanda kidogo hata pale ambapo kikubwa kingewapa ushindi wa hakika. Kwa maoni yetu sababu yao ni ya kisanaa. Ushindi wa hakika si mchezo.

Ukweli huu wachezaji wa bao wanaujua. Katika bao la Kiswahili kete ni 64, na kila mchezaji ana 32. Omweso wa hapa Uganda nao una kete 64 na safu nne za mashimo manane. Sheria yenyewe imehakikisha kwamba hakuna aanzaye akiwa na zaidi ya mwenzake. Tofauti itakayoonekana ni ya akili. EVE Online haina sheria hiyo. Aliyetangulia ana zaidi, mwenye marafiki wengi ana zaidi. Basi mzoefu anayeshuka kutoka chombo kikubwa na kupanda kidogo anafanya kwa hiari kile ambacho bao hufanya kwa sheria: anarudisha usawa ili akili ionekane. Ndiyo maana ushindi wa Rifter husimuliwa kwa hamu, na ushindi wa jitu juu ya kidagaa hakuna anayejisumbua kuusimulia.

Kinyume chake kinathibitishwa na vita maarufu kuliko vyote vya mchezo huu, vilivyopiganwa katika eneo la B-R5RB tarehe 27 na 28 Januari 2014. Chanzo chake kilikuwa kidogo: ada ya kumiliki eneo hilo haikulipwa kwa wakati. Vilidumu takriban saa 21, wakashiriki wachezaji zaidi ya 7,000, na Titan 75 zikavunjwa. Magazeti ya dunia yaliandika habari zake na kukadiria hasara kwa maelfu ya dola. Hata hivyo, watu wanapojazana namna hiyo kompyuta za mchezo hupunguza mwendo wa wakati, hadi sehemu moja ya kumi ya kawaida. Rubani wa jitu hubonyeza kitufe, kisha hungoja. Kwa mtazamaji wa mbali ni utenzi wa mashujaa. Kwa aliye ndani ni foleni ndefu. Tunaona hapa udhaifu wa kweli wa kifani katika mchezo huu: unausifu ukubwa kwa picha na matangazo, lakini unapoufikia hauna la kumpa mchezaji ila subira.

Mipaka ya sifa hizi

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kutangaza kwamba kidogo hushinda kikubwa. Hadithi zetu za Sungura zimetuzoesha hitimisho hilo, na wanafunzi hulipenda. Lakini mhakiki hana budi kuuliza maswali mawili zaidi.

Swali la kwanza: nani hulipa? Manowari ndogo inayomshika jitu kwa kawaida haifiki nyumbani. Huvunjwa wenzake wakiwa njiani au mara tu walipofika. Ushindi huandikwa kwa jina la kundi, na kundi hilo huongozwa na wenye Titan. Kidogo kina kazi katika mchezo huu, na kazi hiyo ina heshima, lakini hakina rehema. Anayewaambia wanafunzi kwamba udogo ni nguvu, asiwafiche bei yake.

Swali la pili ndilo zito zaidi: nani alichagua? Mzoefu wetu amepanda kidogo huku kikubwa kikimngoja bandarini. Akishindwa, amepoteza kitu kidogo na kupata hadithi. Mgeni amepanda kidogo kwa sababu hana kingine. Kwa macho vyombo vyao ni sawa, na anayevitazama kwa mbali hawezi kuvitofautisha. Lakini safari si moja. Na nje ya mchezo wapo wasioweza hata kuingia: tangu mwaka 2016 mtu anaweza kuucheza bila kulipa ada ya mwezi, akiwa na mipaka fulani, lakini kompyuta nzuri, umeme na intaneti isiyokatika bado vina bei yake.

Sasa turudi kwenye methali. Haisemi "dau haliendi joshi". Inasema dau la mnyonge. Wahenga hawakukidharau chombo. Dau likiwa na tanga zima, kamba imara na mabaharia wa kutosha huukata upepo vizuri. La mnyonge haliendi kwa sababu mwenyewe hana vya kulitengenezea, wala hana wa kumsaidia. Kwa hiyo mzoefu wa EVE Online haikanushi methali hata kidogo, kwani yeye si mnyonge. Ni tajiri aliyepanda dau. Na yule mgeni aliyemshika jitu akisubiri wenzake? Dau lake limekwenda joshi kwa sababu halikuwa peke yake. Methali inaacha mlango mmoja wazi, yaani kupenda kwake Mungu. Mchezo unaonyesha mwingine, nao ni wenzako.

Methali darasani

Mambo haya yana uzito gani kwa mwalimu? Yana uzito mkubwa, hasa kwetu Uganda. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wengi watakutana na methali za bahari wakiwa mbali na bahari. Mtoto wa Munkunyu anayeambiwa kwamba dau la mnyonge haliendi joshi maana yake "maskini hafanikiwi" amepewa hukumu, tena hukumu inayomhusu yeye na wazazi wake, kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anajifunza kuipenda. Akiinakili daftarini na kuirudisha kwenye mtihani, atapata alama zake. Lakini tutakuwa tumemfundisha nini?

Tunapendekeza njia nyingine. Mwalimu aanze na neno joshi: achore ubaoni upepo, tanga na mwelekeo wa chombo. Kisha awaulize wanafunzi wataje chombo kidogo na kikubwa wanavyovijua wao, uwe mtumbwi na boti ya injini, bodaboda na lori, au vyombo vya mchezo wa simu. Halafu kila mfano uulizwe maswali yaleyale mawili: nani alichagua, na nani hulipa? Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo kwa Kiswahili chake mwenyewe, hata kikiwa na makosa ya ngeli, ameihakiki methali. Aliyekariri maana yake hajaihakiki bado.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba EVE Online, pamoja na kasoro yake ya kuutukuza ukubwa usiochezeka, ni mchezo unaofaa kusomwa na wanafunzi wa fasihi. Unampa mdogo kazi ya kweli na unamfundisha mkubwa raha ya kushuka. Hata hivyo, usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba unyonge ni jambo la kuchagua. Anayechagua kidogo na anayekosa kikubwa hawapaswi kusomwa kwa sentensi moja, iwe angani, ziwani au darasani.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi watuletee maoni, hasa walio na methali nyingine za vyombo, kutoka pwani au kutoka maziwani mwetu, ambazo wangependa zipimwe kwa namna hii katika matoleo yajayo.