Chagua mwaka kwanza, rangi baadaye

Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975 ikiwa ya dizeli tangu mwanzo, kwa hiyo mtu aliyekulia Igowole, huku Mufindi, hana kumbukumbu ya kichwa cha treni cha mvuke kikihema kupanda Makambako. Anayetaka kupaka upya modeli ya kichwa kama hicho anaazima kumbukumbu za wengine kwenye picha za zamani. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi anachukua dohani ya picha hii na kibao cha jina cha picha ile, anaishia na kichwa ambacho hakijawahi kuonekana relini siku hata moja.

Chukua daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vilikuwa vichwa 34, vikajengwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikapewa jina la mlima. Ni aina ya Garratt: boila moja kubwa imelazwa katikati ya mitambo miwili ya magurudumu, urefu karibu mita 32, uzito zaidi ya tani 250. Vimesalia viwili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na vyote viko Nairobi. (Gelai na Shengena ni milima ya Tanzania, lakini tuliache hilo.)

Vichwa vya daraja hili vilipoingia kazini dohani zake zilikuwa za duara. Baadaye vikafungwa mtambo wa kutolea moshi wa mhandisi Giesl wa Austria, na dohani ikawa bapa, nyembamba na ndefu. Hivyo ukibandika dohani bapa, umeshajifunga kwenye miaka ya baadaye, na rangi lazima ikufuate huko: iwe imepauka kwa jua, si ile inayong'aa ya siku ya kwanza. Daraja la 60 la shirika hilohilo lina mtego mkubwa zaidi. Vichwa hivyo vilipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha majina hayo yakang'olewa. Anayepaka treni ya miaka ya mwanzo abandike kibao. Anayepaka ya miaka ya mwisho akiondoe. Mimi napenda ile isiyo na kibao, maana inaeleza historia bila kuandika neno.

Tuje mezani. Modeli ya shaba ya daraja la 59, ya kipimo cha moja kwa 76, inafika sentimita 42 hivi. Rangi ya zamani hutoka kwa kulowekwa kwenye mafuta ya breki, kisha mswaki uliochakaa na maji ya sabuni. Vaa glovu. Kama mwili ni wa plastiki, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwani plastiki nyingine hulainika. Shaba ikishatakata, ipitishie maji ya limau, isuuze, ikaushe, usiiguse tena kwa kidole kitupu: mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya praima ibanduke.

Sasa hesabu ambayo watu huiruka. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, likikuzwa mara 76, ni karibu milimita 8. Hakuna kichwa cha treni kilichopakwa rangi nene kama kidole. Vichwa vya ribiti vinazama na ngazi zinavimba. Kwenye Garratt kuna hatari ya ziada, kwani mitambo ile miwili lazima izunguke kwenye maegemeo yake ili treni ikate kona. Rangi ikijaa pale, modeli inaacha reli. Kwa hiyo fungua vipande vitatu, kila kimoja kipake peke yake, maegemeo uyazibe kwa tepu ya karatasi, na upulizie matabaka mepesi kwa bunduki ndogo ya rangi. Brashi ibaki kwa vitu vidogo.

Hali ya hewa ya Mufindi nayo ina kauli. Asubuhi ya ukungu rangi ya thina hukauka ikiwa na utandu mweupe, kwa sababu thina inaporuka inapoza uso wa chuma na unyevu wa hewa unanasa humo. Subiri jua la mchana. Kuharakisha kwa kuweka modeli karibu na jiko la mkaa ni kutafuta moto, thina haina mzaha.

Rangi yenyewe ni damu ya mzee, na smokuboksi, yaani sanduku la moshi la mbele ya boila, nyeusi isiyong'aa. Ukiinunua damu ya mzee dukani na kuipaka ilivyo, kwenye kitu kidogo itaonekana karibu nyeusi. Ongeza rangi nyepesi kidogo, uikague nje, si chini ya taa.

Uchafu ndio unaotenganisha fundi na fundi. Daraja la 59 lilichoma mafuta, kwa hiyo vumbi la makaa ya mawe halina nafasi hapa. Weka michirizi myeusi kuzunguka mfuniko wa tangi la mafuta nyuma, masizi juu ya boila, na alama nyeupe za chokaa pale maji yanapovuja. Asiyewahi kuona boila akatazame zile za viwanda vya chai vinavyochoma kuni za mikaratusi, aone masizi yanavyokaa chini ya dohani na kutu inavyoanzia kwenye maungio. Ila asichote vumbi jekundu la barabarani akalimwaga kwenye modeli: chembe ambayo kwetu ni vumbi, kwa kipimo hiki ni kokoto. Tumia unga laini wa rangi, upake kidogo, ufute nusu yake.

Malizia na vanishi isiyong'aa, kisha pitisha kitambaa chenye thina kwenye ukingo wa kila gurudumu. Umeme wa modeli hupanda kupitia hapo, na treni iliyopakwa vizuri mpaka kwenye magurudumu haiendi popote.