Pongezi kwa wapiga picha wa uozo

Wapo mafundi wa kupongezwa huku umeziba pua: wale wanaopiga filamu za vitu vikioza. Hesabu yao inachosha. Ukipiga picha moja kila saa, usiku na mchana, siku nzima inakupa sekunde moja tu ya filamu. Ndiyo maana kamera hufungwa isitikisike, madirisha yakazibwa, na taa ikaachwa iwake vilevile kwa wiki kadhaa. Jua likiingia kidogo tu, filamu nzima inapepesa.

Mwaka 2001 Sam Taylor-Wood wa Uingereza alitengeneza Still Life: rundo la matunda mazuri, kando yake kalamu ya plastiki ya bei rahisi. Ukungu unaota kama manyoya ya kijivu, maganda yananywea, rundo linadidimia mpaka linakuwa uchafu mweusi. Kalamu, wala haina habari. Mimi hiyo kalamu ndiyo hunichekesha, na nadhani ndiyo iliyomfanya awe fundi kweli. Mwaka uliofuata akaja na sungura aliyekufa na tunda la pichi. Safari hii mabuu wakammaliza sungura, pichi likabaki karibu zima.