Nyumba 20, Mashua Mbili: Áedán mac Gabráin Alivyopata Jeshi Lake

Mwaka 580 Áedán mac Gabráin alipeleka vita hadi visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Alitawala Dál Riata, ufalme wa Wagaeli uliokaa ng'ambo zote mbili za bahari nyembamba: Argyll upande wa Uskoti, Antrim upande wa Ayalandi. Kutoka kwake hadi Orkney ni mamia ya kilomita za maji mabaya. Hakuwa na sarafu za kuwalipa askari, wala mji wa kuwakusanyia. Mashua na watu alivipata wapi?

Jibu limo katika orodha iitwayo Senchus Fer nAlban. Nakala zilizobaki ni za zama za baadaye, ila wanahistoria wengi wanakubali kwamba kiini chake ni cha karne ya 7. Orodha hiyo inahesabu nyumba, ukoo kwa ukoo. Cenél nGabráin, ukoo wa Áedán mwenyewe, nyumba 560. Cenél nÓengusa wa kisiwa cha Islay, 430. Cenél Loairn wa kaskazini, 420. Kisha inatoa kanuni ya bahari: kila nyumba 20 zitoe mashua mbili za mabenchi saba.

Tupige hesabu. Tukikalisha watu wawili kila benchi, mashua moja inabeba 14, mbili 28. Basi ukoo wa Áedán peke yake unadaiwa mashua 56 na wapiga makasia 784. Koo zote tatu pamoja, mashua 141 na karibu watu 2,000. Sidhani kama waliwahi kutoka wote kwa mara moja, maana ng'ombe na mashamba vilihitaji mikono. Lakini mfalme alijua kijiji gani kinadaiwa nini kabla hata hajatangaza vita. Na aliyepiga kasia ndiye aliyeshika mkuki akifika, kwa hiyo hapakuwa na abiria wa kulishwa bure.

Udogo wa mashua nao ulikuwa na faida yake. Watu 14 wanaweza kuivuta ikapanda ufukweni jioni, wakalala nchi kavu, wakaishusha alfajiri bila kuhitaji bandari. Pwani ya Argyll imekatwakatwa na ghuba ndefu. Huko mwenye kasia humtangulia mwenye farasi.

Kinachonishangaza zaidi ni mapatano ya mkutano wa Druim Cett, ambao kumbukumbu za Ulster zinauweka mwaka 575. Masimulizi ya baadaye yanaeleza kwamba wakazi wa Dál Riata waliokuwa Ayalandi wangetoa askari wa miguu kwa wafalme wa Ayalandi, lakini mashua zao zingebaki kwa Áedán. Kama ndivyo, aliachia miguu akashika makasia, na kwa ufalme uliogawanywa na maji huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua nguvu zake ziko wapi.

Orodha peke yake haimtoi mtu nyumbani, lazima awepo wa kutiiwa. Hapo ndipo anapoingia Columba, abate wa Iona, aliyemsimika Áedán mwaka 574. Adomnán, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, anasema Columba alitaka Éogenán, nduguye Áedán, awe mfalme, mpaka malaika alipomchapa Columba mjeledi. Masikioni mwa wakuu wa koo, kusimikwa kwa namna hiyo kulikuwa amri ya mbinguni.

Mbali na bahari mambo yaligeuka. Katika vita na kabila la Wamiathi Áedán alishinda, lakini Adomnán anataja watu wake 303 waliouawa, pamoja na wanawe Artúr na Eochaid Find. Mwaka 603 aliongoza jeshi kubwa dhidi ya Æthelfrith, mfalme wa Northumbria, wakakutana Degsastan. Theodbald, nduguye Æthelfrith, aliuawa pamoja na kikosi chake chote, lakini Áedán ndiye aliyekimbia na watu wachache. Nguvu kazi iliyohesabiwa nyumba kwa nyumba haijazwi upya kwa msimu mmoja; aliyekufa alikuwa mkulima, mvuvi na mpiga kasia kwa pamoja.

Utaratibu wenyewe uliendelea baada yake. Mwaka 719 Cenél Loairn na Cenél nGabráin, koo mbili za ufalme uleule, walipigana baharini, na hayo ndiyo mapigano ya majini ya kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za visiwa vya Uingereza na Ayalandi. Cenél nGabráin wakashinda.