Silaha na suluhu si ndugu: Swali la Eldas kwa kamusi zetu

Swali lenyewe liliulizwa na msichana wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya Eldas, Kaunti ya Wajir. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu uundaji wa maneno, na nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mfano ambao sisi walimu wa Kiswahili tumeuchosha: cheza, mchezo, mchezaji, uchezaji, chezesha. Mzizi ni mmoja, nikasema, viambishi ndivyo vinavyoupeleka huku na kule. Akainua mkono.

“Prof, sasa silaha na suluhu si ni ndugu? Zote ziko na s, l na h.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wao, kwa nia njema nadhani, akamwambia aketi asimpotezee mgeni wakati. Silaha ni ya kuua, suluhu ni ya kupatanisha. Udugu utoke wapi? Mimi sikucheka. Katika miaka yangu yote ya kufundisha chuo kikuu, ni wanafunzi wachache mno wa shahada walioniuliza swali la mofolojia lililo zuri kama hilo.

Tazama alichokifanya. Mimi nilikuwa nimempa kanuni ya mizizi ya Kibantu, ambapo mzizi kama -chez- husimama pamoja, nasi tukaupachika viambishi mbele na nyuma. Yeye akagundua kwamba Kiswahili kina maneno mengine yanayofuata kanuni tofauti: mzizi ni konsonanti, aghalabu tatu, na irabu hubadilika katikati yake. Kitabu, katibu, katiba, maktaba, mkataba: k, t na b hazibanduki. Hiyo ni kanuni ya Kiarabu, na hakuna silabasi ya Kiswahili ninayoijua inayotaka mwanafunzi wa sekondari aimudu. Huyu aliitoa wapi?

Nikampa chaki. “Yaandike kama unavyoandika dugsi,” nikamwambia, nikimaanisha chuo cha Kurani ambacho watoto wa huko hukipitia kabla ya kuijua shule yetu hii ya ubao na chaki. Akaandika kutoka kulia kwenda kushoto. La kwanza, silaha, akaanza na sini, ile herufi yenye meno. La pili, sulhu, ambalo sisi tumelifanya suluhu, mkono ukaenda wenyewe kwenye swadi, ile yenye tumbo kama yai lililolala. Akasimama, akayatazama.

“Aa! Kumbe s si moja.”

“Kwa hivyo ni ndugu?”

“Si ndugu, Prof. Wameshona sare tu.”

Naam, wameshona sare. Sijapata maelezo bora zaidi ya jambo hili katika vitabu vya isimu nilivyosoma.

Sare hiyo ilishonwa lini? Kwa karne kadhaa Waswahili wa pwani waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, na humo sini na swadi zilikaa mbalimbali. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilipokuja kusanifisha tahajia kwa herufi za Kirumi, sauti hizo mbili, ambazo wazungumzaji wengi hawakuzitofautisha tena, ziliachiwa s moja. Sina ugomvi na uamuzi huo. Tahajia hufuata kinywa. Masalia yake bado tunayaona Kenya hii, pale watu wanapoandika Swaleh, swala au swahiba, ile w ikiwa kivuli cha swadi. Lakini hakuna anayeandika swuluhu, kwa hiyo katika neno hilo alama imepotea kabisa. Hata Kisomali, kilichoanza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kirumi mwaka 1972, kina s moja tu, ingawa kilihifadhi tofauti nyingine ambazo sisi tulizifuta: hesabu yetu ni xisaab kwao na elimu yetu ni cilmi, ile x na ile c zikisimamia sauti za kooni ambazo Kiswahili hakinazo. Msichana huyu basi hakusaidiwa na lugha ya mama peke yake. Alisaidiwa na dugsi.

Jambo hili si letu peke yetu. Wachina, ambao maandishi yao hayana alfabeti, wanalo pia. Herufi nyingi za Kichina huundwa kwa vipande, na kipande kimojawapo hudokeza ukoo wa maana. Mtaalamu Xu Shen, aliyetunga kamusi yake mnamo mwaka 100, alizipanga herufi kwa koo 540 za vipande. Kamusi ya mfalme Kangxi ya mwaka 1716, yenye herufi zaidi ya 47,000, ilizipanga kwa koo 214 tu. Nyingi ya herufi zilizomo ni adimu, hata Mchina msomi anaweza kufa asikutane nazo. Upo ukoo wa mwezi: fei, mwanga wa hilali iliyoandama juzi, tiao, mwezi unaoonekana magharibi mwishoni mwa mwezi. Upo pia ukoo wa nyama: zuo ni nyama iliyotolewa sadaka, maini, mguu na viungo vingine vya mwili vimo humo. Hapo kale vipande hivi viwili vilichorwa tofauti. Mkono wa mwandishi ulivyozidi kwenda mbio, kipande cha nyama kikaja kufanana na kile cha mwezi. Leo ukiyatazama maini ya Kichina utadhani yana mwezi ndani.

Watunzi wa kale waliijua hatari hiyo, wakaacha mwezi na nyama kila mmoja katika ukoo wake. Kamusi nyingi za kisasa za Kichina zimeviweka pamoja ili iwe rahisi kutafuta. Hapo ndipo penye mvutano ambao kila mtunga kamusi anaujua: je, kamusi ni ya kutafutia neno upesi, au ni ya kuonyesha neno limezaliwa wapi na lina ndugu gani?

Kamusi zetu za Kiswahili zimejibu upande wa kwanza tu, na hapa ndipo lawama yangu ilipo. Chukua ukoo halisi wa suluhu, ule wenye swadi. Maana ya msingi ya mzizi huo ni kuwa sawa, kufaa, kutengenea. Humo mna suluhu, suluhisho, msuluhishi na usuluhishi, ambayo tayari tumeyavika viambishi vya Kibantu. Humo mna jina Swaleh, mtu mwema. Humo mna maslahi, yaani yale yanayomfaa mtu. Na humo mna neno ambalo wasomaji wa safu hii hulitumia kila siku bila kulishuku: istilahi. Istilahi ni neno ambalo watu wa fani fulani wamepatana juu ya maana yake. Yaani kila istilahi ni suluhu ndogo. Mimi mwenyewe nimehudhuria vikao vya istilahi vilivyovunjika kwa hasira, na laiti mwenyekiti angalitukumbusha udugu huo, pengine tungalirudi mezani.

Sasa fungua kamusi. Istilahi iko kwenye I, maslahi kwenye M, suluhu kwenye S. Pale asili inapotajwa, tunaambiwa kwa kifupisho kwamba neno ni la Kiarabu, kisha basi. Ni kama kumwambia mtu kwamba jirani yake ametoka Wajir, usimwambie kwamba ni mjomba wake. Silaha na suluhu, zisizohusiana, zinakaa kwenye S moja. Suluhu na maslahi, ndugu wa damu, hazijuani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, walau alikuwa na desturi ya kuweka minyambuliko chini ya neno mama. Tuliposonga mbele kwa mengine, hapo tulirudi nyuma.

Najua nitakavyojibiwa. Wenzangu watasema maana ya neno ni matumizi yake, si nasaba yake. Ni kweli. Maslahi ya walimu leo ni mishahara, nyumba na bima, na hakuna haja ya kumrudisha mwalimu kwenye swadi ndipo adai haki yake. Wengine watasema nataka kukirudisha Kiswahili Uarabuni. La. Suluhishana ni neno la Kibantu kwa sarufi yake, na Mwarabu hatalielewa. Ninachosema ni kwamba maneno ya ukoo mmoja hushuhudiana. Moja likipotoka, jingine huweza kuitwa kutoa ushahidi. Ukiyatawanya, ushahidi unapotea.

Mfano mzito wa upotovu huo uko huko huko Kaskazini Mashariki. Kutoka Garissa hadi Eldas, neno maslaha halina maana ya mishahara. Ni kikao cha wazee kinachomaliza ugomvi, aghalabu kwa fidia ya ngamia au pesa. Magazeti yetu huliandika neno hili kwa herufi za mlazo, kana kwamba ni mnyama wa ajabu, wakati ni neno lile lile la maslahi lililobaki na a yake ya mwisho.

Tusilidharau. Wajir ni mahali ambapo operesheni ya kusaka silaha ya Februari 1984 iliishia kwenye mauaji ya Wagalla. Ni mahali ambapo vita vya koo vilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, waliingia kati na kuwaleta wazee mezani. Kazi hiyo ya amani ndiyo iliyompatia Dekha Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Watu wa huko wanaijua suluhu kuliko sisi tunaoifundisha.

Lakini lipo la kusikitisha. Kwa miaka mingi watetezi wa haki za wanawake wamelalamika kwamba kesi za ubakaji na unajisi huishia chini ya mti: wazee wanakubaliana, mali inahama kutoka familia hadi familia, na msichana aliyetendewa haulizwi neno. Hili linatokea ingawa Sheria ya Makosa ya Ngono imekuwepo tangu mwaka 2006. Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inaruhusu njia za jadi za kutatua mizozo, ila papo hapo inakataza zisitumiwe kukiuka haki za kimsingi. Mei 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kusikizana na kulipana fidia, na wanasheria walibishana sana juu ya uamuzi huo.

Mimi si wakili, na neno haliwezi kutoa hukumu ya korti. Linaweza, hata hivyo, kumwuliza mtumiaji wake swali. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, akiwemo Al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, walifafanua maslaha kuwa ni kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Angalia kwamba mali imetajwa mwishoni, na nafsi imetangulia. Kikao kinacholinda mali na jina la ukoo, kikaiacha nafsi ya mtoto imevunjika, kimetengeneza nini? Kimemfaa nani? Kwa kipimo cha mzizi wake wenyewe, si kwa kipimo cha mgeni kutoka Nairobi, kikao hicho hakistahili kuitwa maslaha. Hoja hiyo, ikitolewa na binti aliyesoma dugsi mbele ya wazee waliosoma dugsi, ina uzito ambao mabango ya semina hayatakuwa nao.

Ndiyo maana nasema suala la kamusi si la wasomi wa vyumbani tu. Nawaomba watunzi wa kamusi zijazo jambo dogo: mwishoni mwa kila kidahizo chenye jamaa, andikeni “taz.” na mtaje hao jamaa. Istilahi itazame suluhu, maslahi itazame maslaha, na kwenye silaha waonyeni wasomaji kwamba huyu si wa ukoo huo. Wino utakaotumika ni mchache. Walimu wenzangu wa Kaskazini Mashariki nao nawaomba waache kuhesabu makosa tu. Mwanafunzi Msomali anapokosea ngeli tunamwandikia “athari za lugha ya kwanza” kwa kalamu nyekundu. Je, anapotambua ukoo wa maneno ambao mwanafunzi wa Nairobi hauoni, tunamwandikia nini?

Kabla sijaondoka Eldas, mwalimu wao alinisindikiza hadi garini. Akanieleza kwamba msichana yule ni msumbufu, kila somo ana swali. Nikamwomba amwache asumbue. Kisha, mlango ukiwa wazi na dereva akipiga honi, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Na hekima, Prof, na hakimu?”

Hao, nikamwambia, ni ndugu kabisa. Waulize wanafunzi wako waandike.