Mbuzi Kaning'ata, Nami Nashukuru

Jamani, nimeona kitu! Jumamosi, hapa Wete, nakuna nazi ya mchuzi wa pweza, mkono ukateleza, mbuzi akaning'ata. Kidole gumba kikachanika, nazi nyeupe ikapata doa jekundu. Nikakiosha kwa maji na sabuni, nikakibana kwa kitambaa. Tangu hapo sijakibandulia macho, kama mwenye simu mpya.

Kwanza, kasi! Mishipa midogo inajibana yenyewe, chembe sahani zinarundikana penye tundu, kisha nyuzi za fibrini zinajisuka juu yake kama ukili. Nilipofungua kitambaa, damu imeshakoma.

Halafu utamu wenyewe: inflamesheni. Wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Mrumi Celsus alizitaja dalili hizi nne karne ya kwanza. Usiku ule nililalamika, nikidhani kidonda kinaharibika. Kumbe ndiyo kazi inafanyika! Mishipa imetanuka: damu inayofurika ndiyo wekundu, ndiyo joto. Maji yanayovuja kutoka mishipani ndiyo uvimbe, na humo zinapita neutrofili, chembe nyeupe zinazofika ndani ya saa chache kumeza vijidudu. Siku mbili tatu baadaye makrofaji zinazoa taka na kuwaita mafundi wa kolajeni. Hata maumivu yana kazi: yalinikataza kugusa mbuzi.

Siku ya tano, chini ya kigaga, ngozi ilikuwa inatambaa kutoka kingo zote mbili. Siku ya kumi kigaga kikadondoka chenyewe. Loo, ngozi mpya, ya waridi, inang'aa! Fundi kalafati husubiri jahazi lipwelewe ndipo azibe nyufa. Mwili unaziba huku safari inaendelea.

Kasoro? Zipo. Kovu haliirudii nguvu yote ya ngozi ya zamani. Huishia kama asilimia 80. Kinga ya pepopunda haimo kwenye boksi, kwa hiyo kachanjwe. Wekundu ukitambaa, usaha ukitoka au homa ikipanda, nenda hospitali.

Kasoro kubwa zaidi, mwili haujui kuacha vita visivyokwisha. Sisi Wapemba tunakijua kichocho, ugonjwa unaofuatiliwa kwa miaka na watafiti wa maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili huyazingira, na mzingiro huo huo ndio unaoleta damu kwenye mkojo na makovu ndani. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, mayai mapya yakakoma, vita vikapata kupoa.

Hukumu yangu? Bado nimepagawa. Leo nimekaa tena juu ya mbuzi, nakuna kwa adabu, na kila nikigeuza nazi nauchungulia mstari mwembamba wa waridi. Uvimbe ule niliokuwa nautukana, laiti ningeukaribisha chai.