"Kuchimba" Sarafu kwa Kompyuta ya Nyumbani: Mwongozo na Upungufu Wake

Tunaingia katika jambo lililotufikia kwa njia ya swali. Mwanafunzi mmoja wa madrasa alituletea kurasa kumi na mbili, alizouziwa na rafiki yake, zenye kufundisha namna ya "kuchimba" sarafu za kidijitali kwa kompyuta ya nyumbani. Yeye alikwishaanza. Kwa miezi mitatu alikuwa akiziacha kompyuta mbili za madrasa, zilizowekwa wakfu kwa ajili ya masomo, zikifanya kazi hiyo usiku baada ya wenzake kuondoka, na umeme ukitoka katika LUKU ya madrasa. Anauliza: alichokipata ni chake au ni cha madrasa? Na je, ni halali?

Tumezisoma kurasa zile zote. Tumeona tuzijadili hapa kwa sababu kijana huyu si peke yake, na kwa sababu majibu tunayoyasikia katika darsa zetu yana upungufu unaofanana na wa kurasa zenyewe: wote wanalizungumza jina, na kitu chenyewe hawajakitazama.

Mwandishi wa kurasa hizo haelezi hata mara moja mashine inafanya nini. Anasema tu uweke programu, uandike anwani ya pochi yako, kisha ulale. Mafaqihi hawakutufundisha kutoa hukumu juu ya jambo tusilolitambua, basi na tulitambue. Bitcoin ilianza Januari 2009, na aliyeitunga, mtu mmoja au kundi, alijiita Satoshi Nakamoto. Daftari la malipo yake haliko benki. Nakala zake ziko katika kompyuta za washiriki duniani kote. Takriban kila baada ya dakika 10 ukurasa mpya huongezwa katika daftari hilo, na anayepata haki ya kuufunga ni yule ambaye mashine yake imetangulia kupata namba yenye kutimiza sharti lililowekwa. Namba hiyo haipatikani kwa ujuzi. Mashine hukisia, hukosa, hukisia tena. Aliyetangulia hupewa sarafu mpya: zilikuwa 50 mwanzoni, hupungua nusu kila miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Wengine wote hawapati kitu.

Hapa hakuna ardhi wala shimo. "Kuchimba" ni jina la kuazima, na ajabu ni kwamba wapo waliolichukua jina hilo wakalijengea fiqhi. Tumemsikia mmoja akisema kwamba anayechimba atoe khumsi, yaani moja ya tano, kama mwenye kupata rikazi. Rikazi ni mali iliyozikwa na watu wa zama za Jahiliya, na madini katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.) hayatolewi zaka isipokuwa dhahabu na fedha. Namba iliyokisiwa na mashine haimo katika haya wala yale. Lau watunzi wa sarafu hii wangeiita kazi hiyo "kuvua", sijui ndugu yetu angetupa hukumu ya samaki!

Kundi la pili limesema ni kamari, kwa kuwa wengi hukosa na mmoja hupata. Hoja hii ina uzito zaidi, lakini nayo haijakamilika. Katika kamari kila mmoja huweka mali yake, na mshindi huichukua mali ya walioshindwa. Mwenye mashine iliyokosa amepoteza umeme, nao hakuuchukua mshindi. Linalokaribia zaidi ni ju'ala, ambayo ni ahadi ya malipo kwa atakayetimiza kazi fulani, na wanachuoni huitolea dalili katika Surat Yusuf, aya ya 72, pale alipoahidiwa shehena ya ngamia mwenye kulileta kopo la mfalme. Wakitoka watu kumi kumtafuta ngamia aliyepotea, mmoja akampata, tisa hawana ujira, na hakuna aliyewaita wacheza kamari. Hata hivyo hatusemi kwamba mlango umefunguka wazi. Mahanafi hawaikubali ju'ala ila katika kumrejesha mtumwa aliyetoroka. Tena katika ju'ala yupo mtoa ahadi mwenye kuwajibika, na hapa mtoa ahadi ni programu. Na anayejiunga na kundi ili wagawane mapato anaingia katika ushirika wa kazi, ambao Shafi hawausahihishi na madhehebu nyingine tatu zimeukubali. Haya yanataka utafiti wa utulivu.

Ama sarafu yenyewe, wanachuoni wamehitilafiana. Darul Iftaa ya Misri iliiharamisha Bitcoin mwanzoni mwa mwaka 2018, na Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha 24 mjini Dubai mwaka 2019, haikutoa hukumu ya mwisho bali ilitaka utafiti zaidi. Wasemao kwamba kisichokuwa dhahabu na fedha hakiwezi kuwa pesa wamsome Imam Malik, aliyekadiria kwamba hata ngozi, watu wakizifanya sarafu, zingeingia katika hukumu za sarafu. Na watu wa pwani hii walitumia pesa za shaba za Sayyid Barghash, zilizopigwa kwa tarehe ya 1299H (1882), wala hatujui aliyewaambia kuwa biashara zao ni batili. Lakini wanaoishabikia sarafu hii nao wamsome Imam Nawawi, aliyechukia raia kujipigia sarafu hata ikiwa safi, kwani hilo ni jambo la mtawala. Na wamsome al-Maqrizi (aliyefariki 845H), jinsi alivyoeleza maafisa wa Misri walivyoingiza shaba na kupiga fulusi kwa faida yao mpaka bei zikawaangamiza watu. Watajibu kwamba Bitcoin ina kikomo cha milioni 21. Ni kweli. Ila hakuna anayemzuia mwingine kesho kutunga sarafu yake mpya, na maelfu wamekwishafanya hivyo.

Turudi kwenye kurasa, kwani dhambi yake iliyo wazi haihitaji khitilafu ya wanachuoni. Ni ghushi. Kompyuta ya mezani hufanya makisio ya Bitcoin makumi ya milioni kwa sekunde. Mashine maalumu ya leo hufanya zaidi ya trilioni 100, nazo hupangwa kwa maelfu ndani ya maghala. Mwaka 2009 kompyuta ya nyumbani iliweza. Leo kumwambia maskini aichimbe Bitcoin kwayo ni kumwambia akinge bahari kwa kijiko. Kurasa zinataja pia Ethereum, nayo iliacha uchimbaji kabisa Septemba 2022. Kilichobaki ni sarafu kama Monero, ambayo tangu Novemba 2019 hutumia hesabu iliyotengenezwa ili kompyuta za kawaida ziimudu. Sawa, na gharama? Kompyuta ya wati 150 ikiwashwa usiku na mchana inakula uniti 108 kwa mwezi. Familia ya Tanzania iliyo katika bei nafuu ya chini ya uniti 75 inatolewa humo na mashine hiyo pekee. Hesabu hii ya darasa la tano haimo katika kurasa zote kumi na mbili, na aliyeiacha ameziuza kwa pesa.

Ukurasa wa mwisho unamshauri asiye na kompyuta "akodi" nguvu ya mashine zilizo mbali. Huko ni kununua usichokiona kwa asiyejulikana kama anacho. Waanzilishi wa HashFlare ya Estonia, waliouza mikataba ya namna hiyo, walikiri udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2025. Mashine walizowauzia watu nyingi hazikuwepo. Hii ndiyo gharar aliyoikataza Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Muslim.

Sasa swali la kijana. Wakfu hutumika kwa sharti la aliyeuweka, na aliyeziweka kompyuta zile alisema ni za masomo. Hata mwalimu mkuu asingeweza kumruhusu. Aliyoyafanya ni ghasbu, ingawa hakukusudia. Ama mapato, mafaqihi wa Kishafi walikwishaizungumza mas'ala ya aliyepora wavu akavulia: samaki ni wa mvuvi, na mwenye wavu anadai ujira wa mfano wake. Kwa kipimo hicho, alichokipata hakiwi cha madrasa, na sisi tusingependa kiingizwe katika mfuko wake maadamu sarafu yenyewe ina khitilafu. Juu yake ni toba, ujira wa kompyuta mbili kwa miezi mitatu kama zingekodishwa, na umeme. Tulikaa naye tukahesabu: saa 10 kila usiku, uniti 3, kwa usiku 90 ni uniti 270. Alichokichimba hakikufika nusu ya bei ya uniti hizo, kabla ya ujira wa kompyuta. Mwalimu wake amekubali alipe kidogo kidogo, na malipo ya kwanza, uniti 20, yameingizwa katika mita ya madrasa.