Alama 65 mgonjwa, alama 60 amepona

Ukipata alama 65, unahesabiwa mgonjwa wa kutosha kuingizwa katika utafiti. Ukitoka na alama 60, yaani umezorota kidogo, kwa kipimo hicho unahesabiwa umepona. Hiyo ndiyo hesabu iliyotumika katika PACE, jaribio la tiba ya ugonjwa wa uchovu sugu lililofanywa Uingereza kwa takribani pauni milioni 5, sehemu kubwa ikiwa fedha za umma. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo yake Februari 2011, na kwa miaka kadhaa madaktari wengi waliyategemea bila wasiwasi.

Aliyeichambua hesabu hiyo kwa kirefu ni David Tuller, ripota wa zamani wa San Francisco Chronicle aliyehamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye programu inayounganisha afya ya umma na uandishi wa habari. Uchambuzi wake ulitoka Oktoba 2015, ukichapishwa na Vincent Racaniello, profesa wa virolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia. Hakuwa na nyaraka za siri wala mtoboa siri miongoni mwa watafiti. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuweka mezani karatasi ambazo watafiti wenyewe walikwisha kuzitoa hadharani, akalinganisha walichoahidi na walichofanya. Na haki isemwe: wagonjwa walikuwa wamemtangulia. Wengine, wakiwa kitandani, walikuwa wameandika barua kwa majarida wakionyesha dosari zilezile, wakajibiwa kwa kifupi au wakaitwa wakorofi.

Jaribio lenyewe liligawa wagonjwa 641 katika makundi manne. Wote walipata huduma ya daktari bingwa. Kundi moja liliishia hapo; la pili lilifundishwa kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zao; la tatu lilipewa tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo; la nne mazoezi ya mwili yanayoongezwa hatua kwa hatua. Tiba hizi mbili za mwisho zilijengwa juu ya nadharia kwamba mwili umelegea kwa kukaa bila kazi, na kwamba hofu ya kujishughulisha ndiyo inayomweka mtu kitandani. Wagonjwa walisema kinyume: wakijikaza leo, kesho hawainuki.

Sasa tuingie kwenye alama. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa dodoso la maswali kumi. Je, afya yako inakuzuia kupanda ngazi, kubeba vitu vya sokoni, kuinama, kuoga na kuvaa? Ukijibu inanizuia sana unapata 0, kidogo 5, hainizuii 10. Mpango wa utafiti uliochapishwa 2007 ulitamka kwamba ili mtu ahesabiwe amepona, sharti afikishe angalau 85. Makala ya kupona ilipotoka mwaka 2013 katika jarida la Psychological Medicine, 85 ilikuwa imegeuka 60. Piga hesabu mwenyewe: mtu anayezuiwa kidogo katika mambo manane kati ya kumi, kuoga na kuvaa yakiwamo, anapata 60. Yalikuwapo masharti mengine ya kupona, lakini nayo yalilegezwa.

Hiyo 60 ilitoka wapi? Watafiti walichukua wastani wa alama za watu wa kawaida, 84, wakatoa mkengeuko sanifu, 24. Njia hiyo ina maana pale tu alama zinapotawanyika sawasawa pande mbili za wastani. Alama hizi hazitawanyiki hivyo. Watu wengi wenye afya hurundikana karibu na 100, kisha wazee na wagonjwa wachache huvuta wastani chini na kuupanua huo mkengeuko. Tena makala ya Lancet ilisema takwimu hizo ni za watu wa umri wa kufanya kazi, kumbe zilijumuisha na wazee. Mwanafunzi wa takwimu angerudishiwa daftari. Matokeo yake, asilimia 13 ya washiriki walikuwa tayari wamevuka kizingiti cha kupona katika angalau kimoja cha vipimo viwili vikuu siku wanaandikishwa, kabla ya tiba kuanza.

Kwa Tuller hilo lilitosha kutilia shaka kila kitu, nami sioni angefikiri vipi vinginevyo. Kuna mengine aliyoyaibua. Washiriki walijua wanapewa tiba gani, na matokeo makuu yalitegemea majibu yao wenyewe. Katikati ya jaribio wakatumiwa jarida dogo lenye shuhuda za wenzao wakisifu matibabu. Vilevile mpango uliahidi kuwaambia washiriki kuhusu migongano ya maslahi, lakini hawakuambiwa kwamba baadhi ya watafiti wakuu walikuwa wamezishauri kampuni za bima. Kwangu hoja ya bima ni nyepesi kuliko ya alama, ingawa ahadi ni ahadi. Kipimo ambacho hakitegemei hisia kilisema mengi zaidi: baada ya mwaka mzima, kundi la mazoezi lilitembea wastani wa mita 379 kwa dakika sita. Mtu mwenye afya hupita 500 bila kuhema.

Watafiti walijibu kwamba mabadiliko ya vipimo vikuu yalipitishwa kabla hawajatazama matokeo. Katika jaribio ambalo kila mtu anajua nani anapata nini, jibu hilo halifiki mbali. Dawa ilikuwa kuitazama data yenyewe. Mgonjwa mmoja wa Australia aliiomba kwa sheria ya Uingereza ya uhuru wa habari. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, kilichoishika data hiyo, kikakataa, kikaamriwa na kamishna wa habari kiitoe, kikakata rufaa, kikashindwa mbele ya baraza la rufaa Agosti 2016. Data ilipohesabiwa upya kwa masharti ya awali, waliosemwa wamepona kwa tiba hizo mbili, asilimia 22, walishuka chini ya 10, bila tofauti ya maana na makundi mengine. Waliosemwa wamepata nafuu, takribani asilimia 60, wakawa karibu 20, na hesabu hii ya nafuu waliitoa watafiti wenyewe.

Wanaompinga Tuller humkumbusha kwamba baadaye kazi yake Berkeley ililipiwa kwa michango ya wagonjwa, na kwamba ulimi wake ni mkali. Yote mawili ni kweli, na msomaji ana haki ya kuyajua. Lakini kutoa 24 kwenye 84 hakubadiliki kwa sababu ya nani amelipa karatasi.

Oktoba 2021, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa, baada ya kukadiria ushahidi wake kuwa dhaifu au dhaifu sana. Makala ya 2011 haijaondolewa na Lancet.